Elfu Moja Kutoka Kila Kaunti: Kukisoma Kifungu cha 7 Kutoka Kariandusi

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya, Nambari 11 ya 2011, ndicho mlango ambao kila chama kinachotaka kutambuliwa rasmi nchini hupitia. Masharti yake yamefungwa katika sentensi moja ndefu: chama chenye usajili wa muda kitastahili usajili kamili iwapo, kisha zinashuka herufi kuanzia (a), kila herufi na sharti lake. Hakuna sharti linalosimama kwa miguu yake lenyewe, yote yananing'inia kwenye hiyo “iwapo” moja. Ukikosa moja umekosa yote, na siku ulizopewa tangu usajili wa muda ni 180.

Sharti la kwanza ni hesabu. Chama kiwe kimeandikisha wanachama wasiopungua elfu moja, walio wapiga kura waliosajiliwa, kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo zaidi ya nusu ni 24. Sheria yenyewe haitaji 24 wala 24,000, jumla hiyo anaipiga msomaji. Nadhani kuiacha jumla nje kumeikoa sheria, maana ingetajwa, mtu angeitafuta jumla hiyo mahali pamoja. Ilivyo sasa, hata uwe na wafuasi laki mbili Nakuru, kama huna watu kwingineko bado huna chama.

Tazama pia jinsi sentensi hiyo inavyozilinganisha kaunti. Katika uchaguzi wa 2022 Nakuru ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni moja, na Lamu haikufikisha laki moja. Mbele ya aya (a) zote mbili zina uzito mmoja, kila moja ikidaiwa elfu yake na si zaidi. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshatumia umbo hilo hilo kwa mgombea urais: saini 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti, kisha robo ya kura katika idadi hiyo hiyo ya kaunti. Waandishi wa sheria zetu za siasa walikuwa na sentensi moja waliyoiamini, wakaitumia kila walipotaka kusema “Kenya nzima.”

Sasa nakisoma kifungu hicho nikiwa Kariandusi, kwenye barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kati ya Gilgil na Ziwa Elementaita. Nimepachagua kwa sababu ni mahali panapoijaribu sentensi hiyo kwa ukali. Kuna machimbo ya udongo mweupe wa dayatomaiti, kuna ranchi, kuna vibarua na wafanyabiashara wadogo wa barabarani. Wamo Wakikuyu, Wakalenjin, Waturkana, Waluo, Waluhya na Wakisii. Mwandikishaji wa chama akisimama hapo asubuhi na daftari lake, anachoandika ni jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na saini au alama ya kidole. Lakini kibarua wa machimbo aliyezaliwa Nyamira huenda bado anapigia kura Nyamira. Wengi hufanya hivyo: kazi huku, kura nyumbani. Mstari wake katika daftari umejazwa Kariandusi, ila katika hesabu unaangukia Nyamira. Ukiendelea hivyo hadi Naivasha kwenye mashamba ya maua na Nakuru mjini, unaweza kukusanya sehemu kubwa ya kaunti zako bila kuvuka mipaka ya kaunti moja.

Kinyume chake kinawezekana pia. Elfu moja ya Nakuru inaweza kutoka jamii moja tu, na kwa kuwa jamii hiyo ina watu katika miji ya kaunti nyingine nyingi, chama kikaifuata kutoka mji hadi mji mpaka kifikishe 24. Aya (a) itakuwa imetimizwa bila chama kutoka nje ya jamii hiyo moja. Kaunti, katika sentensi hii, imechukuliwa kama badala ya watu wa aina moja. Bonde la Ufa la kati halijawahi kuwa hivyo, na waliokuwa Nakuru na Naivasha wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, wanajua ni gharama gani hulipwa pale siasa inapojaribu kulilazimisha liwe hivyo.

Je, hesabu basi ni udanganyifu? Hapana, na historia ya eneo hili ndiyo inayonizuia kusema hivyo. Chama cha KAU (Kenya African Union) kilipigwa marufuku 1953. Juni 1955 serikali ya kikoloni ikawaruhusu Waafrika kuunda vyama tena, kwa sharti kila chama kikae ndani ya wilaya yake, na Mkoa wa Kati ukanyimwa hata hilo. Ndipo tukapata majina kama Nakuru African Progressive Party na Mombasa African Democratic Union. Majina yenyewe yalibeba mpaka: jina la wilaya limetangulia, kuonyesha chama kinaishia wapi. Sheria ya 2011 imeigeuza amri ile juu chini. Kilichokuwa sharti la kuruhusiwa, kukaa wilayani, sasa ndicho sababu ya kukataliwa.

Kuna kisa cha pili kinachoigusa Kariandusi kwa jina la familia. Louis Leakey alichimba hapa mwishoni mwa miaka ya 1920, na mashoka ya mkono ya mawe aliyoyafukua bado yanaonekana kwenye jumba la makumbusho. Mwanawe, Richard Leakey, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Safina mwaka 1995. Vyama wakati huo vilisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, ile ile ya vilabu na vyama vya maziko. Sheria hiyo haikuweka idadi ambayo chama cha siasa kikiifikisha kinastahili. Safina ikangoja. Ilikuja kusajiliwa mwishoni mwa 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Desemba, bila nafasi ya kujijenga. Pasipo na namba, mwombaji hana cha kuweka mezani na kusema nimetimiza, nipeni. Kwa sababu hiyo naipenda aya (a) pamoja na mianya yake. Namba inamfunga anayeomba, na inamfunga Msajili wa Vyama vya Siasa pia.

Tatizo liko kwenye herufi inayofuata. Aya (b) inataka wanachama waakisi utofauti wa maeneo na makabila, usawa wa jinsia, na uwakilishi wa wachache na waliotengwa. Ndiyo aya iliyobeba roho ya Ibara ya 91 ya Katiba, inayodai chama kiwe na sura ya kitaifa na kisijengwe juu ya kabila, dini, lugha au eneo. Lakini hapa namba zimekoma. Kuakisi kwa kiasi gani? Herufi mbili mbele, aya (d) inakumbuka kuhesabu: wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika uongozi. Kabila, ambalo ndilo lililotuumiza, limeachiwa kitenzi kisicho na kipimo, tena kimebanwa katikati ya namba mbili ngumu. Msajili mwenye nia njema atahesabu kinachohesabika, na (b) itapita kwa kuwa (a) imepita.

Tanzania walilikabili jambo hili kwa mwandiko mwingine. Sheria yao Nambari 5 ya 1992 ilitaka wanachama 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Namba ni ndogo, ila sentensi imepataja mahali. Imejua mshono wa nchi uko wapi, na inamlazimisha mwombaji kuvuka bahari. Sentensi yetu haina mahali hata pamoja. Inaruka juu ya kaunti 47 kana kwamba zote zina historia moja.

Na kuna jambo la sarufi ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika kifungu chote, mtendaji ni chama. Chama kimeandikisha, kimewasilisha orodha ya majina, kimeonyesha afisi katika zaidi ya nusu ya kaunti, kimeahidi kufuata kanuni. Mwanachama hatendi lolote. Anaandikishwa, anaorodheshwa, anahesabiwa. Juni 2021 Wakenya walipoanza kujitafuta katika orodha za vyama kupitia mtandao wa eCitizen, wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisogelea. Walishangaa, wakakasirika, na walikuwa na haki. Sentensi iliyoandikwa hivi haikuwapa nafasi ya kusema ndiyo kabla ya kuhesabiwa. Nafasi waliyoiona ni ya kujitoa baadaye.

Ningeongeza herufi moja: jina lisihesabiwe mpaka mwenyewe aulizwe na Msajili, kwa ujumbe wa simu, na ajibu kwamba amejiunga. Nambari ya simu tayari imo daftarini. Yule kibarua wa Kariandusi anayehesabiwa Nyamira angeulizwa naye, akiwa huko huko machimboni.