Istilahi za Mkao wa Magurudumu ya Nyuma: Neno Moja kwa Makosa Matatu

Tafsiri ya mwongozo wa ufundi haipimwi kwa utamu wa maneno yake. Hupimwa gereji, pale fundi aliyelala chini ya gari, mikono imejaa grisi, anapotaka kujua alegeze bolti ipi. Kwa kipimo hicho nakusudia kuihakiki rasimu moja niliyoletewa niipitie, ieleza­yo namna ya kutambua na kurekebisha mkao wa magurudumu ya nyuma ya Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960. Mfasiri wake simtaji, wala chuo kilichomwagiza. Makosa yake ni yetu sote tuundao maneno mezani.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini gari kuukuu? Gari hili lilienea Afrika Mashariki, na mwaka 1962 lilishinda mashindano ya magari ya Safari. Zaidi ya hayo, muundo wake wa nyuma unamfaa sana mwenye kujifunza istilahi. Ekseli ya kila upande hubembea peke yake kutoka kwenye giaboksi, nayo imo ndani ya bomba la chuma. Mwisho wa bomba hilo, karibu na gurudumu, umefungwa kwa bolti kwenye bapa la chuma; na bapa limeshikana na fimbo ya msokoto, yaani fimbo ya chuma ifanyayo kazi ya springi kwa kusokotwa.

Kwa muundo huo, magurudumu ya nyuma yaweza kukosea kwa njia tatu. Gurudumu laweza kuinama kupita kiasi, sehemu yake ya juu ikaegemea ndani au nje. Laweza kuelekea ndani au nje kwa upande wake wa mbele. Au magurudumu yote mawili yaweza kuelekea upande mmoja, gari likaenda mshazari kama kaa, na dereva akalazimika kushikilia usukani upande ili aende sawa. Kila kosa lina dalili yake, kipimo chake na dawa yake.

Rasimu imeyaita yote matatu "kusawazisha magurudumu". Hili ndilo kosa lake kubwa. Nilimpelekea fundi mmoja ukurasa huo bila kumweleza neno. Aliusoma mara mbili, kisha akaniuliza kama nimeleta vipande vya risasi. Hakukosea hata kidogo. Kwake yeye, kusawazisha gurudumu ni kulipachika risasi kwenye rimu ili lisitetemeke katika mwendo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Istilahi iliyochukua nafasi ya istilahi nyingine ni mbaya kuliko pengo, kwa kuwa aonaye pengo huuliza, lakini aliyepewa neno lisilo lake hutenda.

Kosa la pili linatokana na kufasiri neno kwa neno. Waingereza wameazima jina la mwelekeo wa gurudumu kutoka kwenye vidole vya mguu wa mtu, na mfasiri akatuletea "vidole vya gurudumu". Hata tukilisamehe jina hilo, maagizo yake hayaeleweki: "peleka gurudumu ndani". Ndani wapi? Gurudumu zima haliwezi kusogezwa kuelekea katikati ya gari. Kinachotakiwa ni kulegeza bolti zinazofunga bomba la ekseli kwenye bapa, ambalo matundu yake ni marefu, kisha kulisukuma bomba mbele kidogo. Likisogea mbele, gurudumu huelekea ndani. Likirudishwa nyuma, huelekea nje.

Rasimu yaendelea kusema kwamba umbali baina ya matairi ukiwa sawa kwa mbele na kwa nyuma, kazi imekwisha. Sivyo. Tuseme gurudumu la kushoto limeelekea nje kwa uzi 1, na la kulia limeelekea ndani kwa uzi 1. Umbali utalingana, lakini magurudumu yote mawili yanatazama kushoto. Fundi atamrudishia mwenyewe gari lililo mshazari, na cheti cha kwamba limepona. Ndiyo maana hatuna budi kutenganisha mwelekeo wa kila gurudumu, unaopimwa kutoka mstari wa katikati wa gari, na jumla ya mielekeo miwili.

Kosa la tatu ni dogo kwa macho, kubwa kwa matokeo. Ili kurekebisha mwinamo, rasimu yaagiza fimbo ya msokoto "izungushwe jino moja". Fimbo hiyo ina meno 40 mwisho wa ndani na meno 44 mwisho wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. La nje ni nyuzi 8 na dakika 11 hivi. Marekebisho madogo hupatikana kwa kuzungusha ndani kwa upande mmoja na nje kwa upande wa pili, tofauti yake ikawa karibu dakika 50. Asiyeambiwa ni jino la mwisho upi atalipandisha au kulishusha gari kupita kiasi. Tena bapa hilo limebanwa kwa nguvu ya msokoto. Likiachiwa bila kushikiliwa laweza kumvunja mtu mkono. Onyo hilo rasimu imelisahau.

Haki yake pia tuiseme. Neno "bapa" ni zuri, na agizo la kuchora alama kwa tindo kabla ya kufungua bolti limeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa. Aidha, mfasiri amemtaka fundi aanze na upepo wa matairi, bushi na beringi kabla ya kupima lolote, na huo ndio utaratibu unaofaa.

Napendekeza basi haya. "Mkao" liwe jina la jumla. Mafundi wakisema "alaimenti", tusiwagombeze. Chini yake pawe na "mwinamo", wa ndani au wa nje kwa kutazama juu ya gurudumu. "Mwelekeo", wa ndani au wa nje kwa kutazama mbele yake. Na "mkengeuko", pale magurudumu ya nyuma yanaposukuma gari nje ya mstari wake wa katikati. Mwinamo urekebishwe kwanza, kwani kuugusa hubadili mwelekeo.

Wapo watakaopendekeza "matege" badala ya mwinamo. Ni neno lenye picha, lakini halisemi ni juu au chini palipotoka nje. Kabla ya kulipitisha neno lolote la namna hii, tumpe fundi alisome, kisha tutazame mkono wake unaelekea spana gani.