Ladha ya Utotoni na Hukumu ya Sikio: Utetezi wa Albamu Moja ya Mwenda wa Bayeke

Mtu mzima wa Katanga alapo bukari kwa sombe na ndakala, mara nyingi hakisifu chakula kilicho mezani, bali kile alichopikiwa na mama yake zamani. Munkoyo wa leo, ujapotengenezwa kwa mzizi uleule na kwa unga uleule wa mahindi, huambiwa kwamba haujafikia ule wa wazee. Ulimi haukuonja, umekumbuka.

Hukumu ya namna hiyo imeipata albamu ya Jean-Bosco Mwenda, yaani Mwenda wa Bayeke, iitwayo African Guitar Legend: The Studio Album. Ilirekodiwa Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kifo chake, ikatolewa na kampuni ya Rounder mwaka 1994. Wapenzi wake huitaja kwa heshima, kisha hurudi upesi kwenye «Masanga», wimbo uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Hoja zao ni mbili: kwanza, studio imeondoa vumbi la mtaa; pili, mpigaji amezeeka.

Hoja ya kwanza yasahau kwamba hata hiyo «asili» ya 1952 ilipitia chombo cha mgeni, ikabanwa katika upande mmoja wa santuri, dakika kama tatu tu. Bukari nayo yatoa ushahidi uleule. Bukari ya mahindi ilienea katika kambi za wafanyakazi, ambako Union Minière iligawa unga kuwa posho kwa watu waliotoka sehemu nyingi, wengine wakiwa wamezoea muhogo au mtama. Kilichokuwa kipya kwa babu kimekuwa asili kwa mjukuu. Basi upya wa studio si kosa la kutosha.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, maana ni kweli kwamba kijana wa miaka 22 si mzee wa miaka 58. Lakini mbinu ni ileile: kidole gumba chashika besi, kidole cha shahada chasuka sauti ya juu. Kinachobadilika ni nafasi anayopewa msikilizaji. Mshangao wa 1952 umepungua. Maneno yamekaribia sikio. Na maneno hayo ni Kiswahili cha Katanga, chenye viambishi vyake kamili, mu- na bu-, kama katika mutoto na bukari. Wapo wanaoviita makosa, ilhali vinafuata kanuni bila kuyumba. Tena, mengi katika tungo za Mwenda ni maonyo na mawaidha juu ya maisha ya mjini. Kijana akiyaimba, yapendeza. Mzee akiyaimba, yana shahidi.

Haidaiwi hapa kwamba albamu hii yaipita «Masanga». Yadaiwa tu kwamba haijahukumiwa kwa haki, kwa kuwa wengi wameipima kwa kumbukumbu kabla ya kuisikiliza. Yafaa walimu wa Kiswahili waziweke rekodi zote mbili mbele ya wanafunzi, kijana na mzee pamoja, bila kutangulia kusema ipi ni bora. Asiyekula bukari ya leo kwa kuililia ya jana atalala njaa.