Vipande Mia Tano vya Mnyoo Mmoja

Ukimkuta mchonga vinyago kazini kando ya barabara ya Masasi kwenda Newala, usitarajie salamu ndefu. Tezo iko mkononi, kigogo cha mpingo kimebanwa katikati ya nyayo, na macho yamekazia pale weupe wa nje unapoishia na weusi wa ndani unapoanza. Weupe huo anaubandua kidogo kidogo. Mpingo hausamehe: patasi ikiteleza, kidole cha kinyago kimekwenda.

Siku moja nilikaa kumtazama fundi wa namna hiyo tangu asubuhi hadi jua la utosi, nikawakumbuka mafundi wengine wanaokata kitu laini kuliko mlenda. Hao ni wachunguzi wa minyoo bapa. Sisemi tegu wala wale wa kichocho. Nasema ndugu zao wasiomtegemea mtu, wanaojitafutia riziki chini ya mawe ya vijito, kwenye matumbawe, au katika majani yanayooza shambani.

Mnyoo huyu hana mapafu, hana damu, hana njia ya haja. Hewa humwingia kwa ngozi, na ndiyo maana ni bapa: angekuwa mnene, nyama za ndani zingekosa pumzi. Mdomo wake uko tumboni, na humo humo hutoa mabaki ya chakula.

Mwaka 1990, wachunguzi Jones, Darlington na Newson walimwandika mmoja kutoka Kenya, wakamwita Microplana termitophaga, yaani mla mchwa. Huyu hujilaza kwenye tundu la hewa la kichuguu, akashusha kichwa ndani na kungoja. Mchwa akigusa ute wa kichwa hicho, amenasa. Sisi wa Masasi tunaongoja kumbikumbi mvua zinapoanza tungemwita mwenzetu.

Kumwona ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumtambua. Rangi na michirizi ya mgongoni hudanganya. Minyoo wawili wanaofanana kama pacha wanaweza kuwa wa spishi mbili. Tofauti imefichwa ndani, katika viungo vya uzazi, na kila mnyoo ni dume na jike kwa pamoja. Basi fundi humuua kwa maji ya moto, maana akimtumbukiza hai kwenye spiriti atajikunja kama kamba iliyoungua, kisha humhifadhi kwenye formalini. Baadaye humtoa maji yote kwa spiriti, inayoongezwa makali hatua kwa hatua, na kumzamisha katika nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda, kinakuja kisu cha mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba mno.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Kipande cha mnyoo chenye urefu wa milimita 5, kikikatwa kwa unene wa mikromita 10, hutoa vipande 500. Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko kimoja chao. Hutoka vimeshikana kama utepe, vikaelea juu ya maji ya uvuguvugu, vikaopolewa kwa kioo, vikatiwa rangi: viini vya seli vikawa buluu, nyama ikawa waridi. Niliwahi kujaribu mwenyewe kukata nta kwa wembe. Niliambulia makombo na kidole chenye damu.

Mchonga mpingo hutupa anachokiondoa. Chini ya miguu yake ni vumbi na vibanzi, na thamani ni kile kilichobaki. Huyu wa mnyoo hatupi hata kimoja. Kipande cha 212 kikipotea, mfereji aliokuwa akiufuata kutoka cha 211 hadi cha 213 umekatika, na huenda hapo ndipo ulipogeuka. Akishavipanga, huvitazama kimoja kimoja kwa hadubini na kuchora, mpaka mnyoo aliyemkatakata asimame tena mzima kwenye karatasi. Kwangu mimi, huo ni uchongaji unaokwenda kinyumenyume, na ni mgumu kuliko ule wa kwanza.

Wewe mwenye shamba la mikorosho lenye kichuguu, mvua ya kwanza ikinyesha pita alfajiri, uchungulie matundu yake. Ukikuta utepe wenye ute umening'iniza kichwa ndani, usiumwagie chumvi. Chuchumaa, uutazame ukivua.