Kabla Jua Halijavuka Mlima

Saa kumi na moja alfajiri, hapa Mzumbe, Uluguru ni giza lililosimama wima upande wa mashariki. Mzee mmoja mwenye mabwawa matatu ya perege, njia ya kupanda Tangeni, huwa keshafika ukingoni. Halishi bado. Anachuchumaa, anatulia tuli. Siku ya kwanza nilipomfuata nilidhani anaomba dua, kumbe alikuwa anasikiliza midomo.

Samaki wakikosa hewa hupanda juu na kuachama usoni pa maji. Ukinyamaza utawasikia: chup, chup, kama mtoto anayenyonya. Wakiwa wachache, tena karibu na mfereji unapoingilia, mzee hashtuki. Wakitapakaa bwawa zima, anashika jembe.

Alinieleza sababu kidogo kidogo, kwa miezi. Ukijani wa maji ni mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni nyingi. Usiku hugeuka na kuvuta hewa ile ile wanayoitaka samaki, na tope la chini nalo linadai fungu lake. Akiba yenyewe ni ndogo tangu mwanzo: lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni, wakati lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya mara thelathini ya hizo. Kwa hiyo bwawa hufikia ukingo wa hatari pale usiku unapokwisha, na sisi wa Mzumbe tuna jambo letu la ziada. Tuko magharibi mwa mlima unaopita mita 2,600. Kwingine kumeshapambazuka na jua limeshashuka mpaka majini, huku kwetu bado liko nyuma ya mlima. Mzee anaijua tofauti hiyo kwa miezi yote, ya masika na ya kiangazi, na ratiba yake ya siku imejengwa juu yake.

Kukishaonekana vizuri, anakunja mkono wa shati na kuuzamisha mkono polepole, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yanapogusa kiwiko, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kikipotea mapema, mwani umezidi na usiku ujao utakuwa mgumu. Kikionekana mpaka mwisho, maji yana njaa. Anaongeza samadi ya kuku kidogo. Mwaka 1865 padre mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, alishusha sahani nyeupe baharini akiwa kwenye meli ya Papa ili apime uangavu wa maji, na mpaka leo wanasayansi wanatumia sahani yenye jina lake. Mzee hajawahi kulisikia jina hilo. Kipimo chake kina vidole vitano, na ule ukucha wa kidole gumba uliopasuka ndio anaouangalia.

Nina sababu ya kumheshimu hivi. Niliwahi kuweka tangi la kioo sebuleni. Nililijaza maji ya bomba asubuhi, jioni nikatia samaki, kulipokucha walikuwa wamelala ubavu. Klorini. Mara ya pili niliyaacha maji kwenye ndoo siku mbili ili klorini itoke, na samaki wakaishi wiki mbili kabla ya kufa mmoja mmoja. Nikaenda kumuuliza.

“Maji uliweka lini?”

“Jumamosi, mzee.”

“Na samaki?”

“Jumamosi hiyo hiyo.”

Alikaa kimya muda mrefu. “Bwawa jipya halina haraka, mwanangu. Haraka ni yako.”

Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota taratibu kwenye mawe, mchanga na kuta. Katika tangi jipya huchukua kama wiki nne mpaka sita kutosha. Mimi niliwapa samaki nyumba isiyo na mfagiaji.

Amonia ina tabia moja iliyonishangaza kuliko yote. Kwenye maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Na bwawa la kijani hupanda pH kila alasiri, kwa kuwa mwani unamaliza kabonidayoksaidi iliyomo majini. Alfajiri hatari ni kukosa hewa, alasiri hatari ni sumu. Ndiyo maana mzee hutandaza chokaa bwawa likiwa limekauka: huzuia maji yasiyumbe mno kati ya saa hizo mbili. Ndiyo maana pia pumba anazipima kwa kopo, wala hazimwagi kwa huruma.

Wafugaji wa matumbawe kwenye vioo wanatafuta karibu kinyume cha haya. Wanachanganya chumvi mpaka gramu 35 kwa kila kilo ya maji, wanataka maji meupe kama hewa, yasiyo na rutuba, yenye kalsiamu ya kutosha ili tumbawe lijenge mifupa yake. Wanapima kwa matone yanayobadilika rangi, na wanaandika daftarini kila siku. Ningependa siku moja mmoja wao akutane na mzee huyu. Naamini wangeelewana bila mkalimani.

Leo midomo ilikuwa mingi. Mzee aliinuka, akatoa bonge la udongo mlangoni mwa mfereji kwa pigo moja la jembe, na maji ya mlimani yakaanza kurukia mawe matatu aliyoyapanga hapo kwa makusudi, yakivunjika na kubeba hewa kuingia nayo bwawani. Tulisimama. Chup, chup ikapungua upande ule, kisha katikati. Kopo la pumba lilikuwa miguuni pake, limefunikwa na jani la mgomba. Nikalitazama, naye akaniona.

“Bado,” alisema, akiuelekeza mlima kwa kidevu.