Jumapili za Frank Cole

Ukizidisha 2 kwa 2, na jibu kwa 2 tena, hadi 2 zitimie 67, kisha ukatoa 1, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21. Mwaka 1644, Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyependa hesabu, aliitaja kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wataalamu wakamkubalia kwa zaidi ya karne mbili. Nani angebisha bila kigawo mkononi?

Alibisha Édouard Lucas, Mfaransa, mwaka 1876. Alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, lakini hakutoa kigawo hata kimoja. Akawa kama fundi wa visima anayeapa kuwa maji yapo bila kuonyesha pa kuchimba.

Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Mtu wa papara angejaribu kigawo kimoja baada ya kingine, na angepita namba zaidi ya milioni 193 kabla ya kufika popote. Fundi huanza kwa kujua asitafute wapi. Kanuni iliyoachwa na Pierre de Fermat inasema kila kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 67 kwa 1 tu. Na kwa kuwa kigawo chenyewe ni witiri, kigawe hicho ni cha 134. Mara moja, katika kila namba 134 inabaki moja. Kanuni nyingine inadai kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7, na nusu ya zilizobaki zinatupwa. Hata hivyo foleni ni ndefu: kigawo kidogo kilichokuja kupatikana, 193,707,721, ni cha 1,445,580 katika foleni ya Fermat. Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliipunguza zaidi kwa kuchunguza mabaki ya namba za mraba, kwa kalamu na karatasi.

Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini New York, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Upande mmoja akakokotoa namba ya Mersenne. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Baadaye alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, eti alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Huenda simulizi imetiwa chumvi; hesabu haikutiwa.

Leo kompyuta ya kawaida huipasua namba hiyo kabla hujapepesa jicho, ila hilo halimpunguzii Cole chochote. Msomaji mwenye shaka achukue karatasi pana, aziandike namba zake mbili, azidishe mwenyewe.