Xorg Ikae Wapi: Namna ya Kuutambua Usakinishaji Bora

Skrini ikiwaka na kishale kikafuata kipanya, wengi huona kazi imekwisha. Mjuzi wa mifumo ya jamii ya Unix haridhiki na skrini, hufungua saraka. Xorg inaweza kuwaka hata kama faili zake zimetapakaa ovyo, ubovu ukaja kujulikana siku ya kuisasisha au kuiondoa. Kipimo kikuu cha mjuzi huyo ni hiki: ukiisoma njia ya faili, unajua nani aliiweka na nani atakayeitunza?

Kwa nini makao yanatofautiana

X, mfumo wa madirisha ambao Xorg ni seva yake, ilianzia MIT mwaka 1984, na toleo la 11 likatoka 1987. X11R6 ilipotoka mwaka 1994, msimbo wake wote ulikuwa bonge moja, hivyo ikazoeleka kuwekwa kwenye /usr/X11R6, ikiwa na bin, lib na include zake yenyewe. Desemba 2005 X11R7 ililivunja bonge hilo kuwa vifurushi vidogo vingi. Haja ya kuitengea saraka ikapungua, na distro nyingi za Linux zikaihamishia moja kwa moja kwenye /usr.

OpenBSD haikuhama: inaijenga X pamoja na mfumo wenyewe na kuiacha /usr/X11R6. FreeBSD ilihamia /usr/local mwaka 2007, maana kwake /usr ni ya mfumo wa msingi, na vinavyotoka kwenye ports, yaani mkusanyo wake wa programu za ziada, vina makao yao. Wote wako sawa. Anayekosea ni yule anayechukua desturi ya OpenBSD na kuipachika kwenye Debian bila sababu.

Umiliki

Kwenye Linux, /usr ni ya meneja wa vifurushi, /usr/local ni ya msimamizi wa mashine, na /opt ni ya programu za nyongeza zinazojitosheleza. Kwenye Debian, andika:

dpkg -S /usr/bin/Xorg

Jibu zuri litataja xserver-xorg-core. Ukiambiwa faili hiyo haina kifurushi, ujue kuna mtu aliyejenga kutoka msimbo chanzo akaimwaga ndani ya /usr. Siku kifurushi rasmi kitakaposakinishwa, kazi yake itafunikwa bila yeye kuulizwa.

Maktaba

Hapa ndipo usakinishaji mwingi huanguka. Tuseme umejenga Xorg nzima ndani ya /opt/xorg. Iulize programu moja tu:

ldd /opt/xorg/bin/xterm

Mstari wa libX11.so.6 uelekee /opt/xorg/lib. Ukielekea /usr/lib, umechanganya matoleo mawili: programu mpya inatumia maktaba ya zamani, na hitilafu zake hazitabiriki. Tiba safi ni kuisajili saraka hiyo kwenye /etc/ld.so.conf na kuendesha ldconfig, au kuiandika njia ndani ya programu wakati wa kuijenga. Ukikuta LD_LIBRARY_PATH imejazwa kwenye .bashrc ya kila mtumiaji, kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usakinishaji bora hauhitaji kutangazwa kwa kila anayeingia.

Visivyopaswa kuwamo

Hata X ikikaa /opt, si kila kitu chake kinaifuata huko. Usanidi wa mashine ubaki /etc/X11, na kumbukumbu za seva inayoendeshwa na root ziandikwe /var/log. Anayejenga mwenyewe huweka prefix=/opt/xorg, kisha sysconfdir=/etc na localstatedir=/var. Akizisahau hizi mbili, atajikuta na /opt/xorg/etc na /opt/xorg/var, na msimamizi atakayekuja baada yake hatajua ni faili ipi inayosomwa.

Kuonja kabla ya kupakua

Fundi makini hasakinishi moja kwa moja. Akiwa kwenye saraka ya ujenzi, huanza na:

DESTDIR=/tmp/jaribio ninja install

Kisha huendesha find /tmp/jaribio -type f na kuisoma orodha polepole. Kila faili iwe chini ya opt/xorg, etc au var. Ikichomoza usr/lib ambayo hakuiomba, hurudi kurekebisha mapema, kwani kufuta /tmp/jaribio hakugharimu chochote.

Michoro yenyewe

Kwenye mashine yenye kadi ya michoro, endesha glxinfo -B. Mstari wa OpenGL renderer utaje kadi yako. Ukisoma llvmpipe, kazi yote ya kuchora inabebwa na prosesa, na mara nyingi sababu ni kwamba Mesa (maktaba ya OpenGL) na seva hazitafuti viendeshi mahali pamoja. Madirisha yatafunguka kama kawaida. Video ndiyo itakayokwama.

Uamuzi

Kama huna sababu ya kujenga toleo lako, chukua la distro na uiache /usr mikononi mwa meneja wa vifurushi. Ukihitaji matoleo mawili kwa pamoja, la pili liende /opt, kwenye saraka yenye namba ya toleo. /usr/local inafaa kwa programu mojamoja. Ukimwaga Xorg nzima humo, faili zake zitachanganyika na nyingine zote, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya jasho.

Mtihani wa mwisho ni wa kuondoa. Futa saraka ya toleo la majaribio, ondoa mstari wake kwenye ld.so.conf, endesha ldconfig, kisha washa X ya distro. Ikiwaka kama zamani, aliyeisakinisha ile ya majaribio aliijua kazi yake.