Klachi, Breki ya Mguu na Gunia la Mahindi

Kwenye lami ya Mwanza–Musoma, pale inapokatiza Nyashimo, kila mwenye pikipiki ni hodari. Akishapandisha gia mbili tatu, chombo kinajiendea, na mwendo unamfichia kasoro zake. Ukitaka kumjua fundi, msubiri aache lami, ashike kijinjia cha kwenda majumbani baada ya mvua, na nyuma ana gunia la mahindi.

Mmoja wa hao nilimtazama tangu anapakia. Gunia la kilo 100 alililaza likakingama, akalisukuma mbele mpaka likagusa kiti chake, ndipo akalikaza kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Akalitikisa. Hakuridhika, akafungua, akafunga upya. Nilidhani anajichelewesha makusudi, kumbe sababu anayo: mzigo ukikaa nyuma mno, tairi la mbele linakosa uzito, na usukani unaelea mikononi kama wa baiskeli ya mtoto.

Pikipiki yake, Boxer, inazidi kilo 100 kidogo tu. Ukiongeza gunia na kijana mwenyewe, hatukuwa mbali na kilo 290 za Yamaha FJR1300, pikipiki ya safari ndefu ambayo wenzetu wa Ulaya huipeleka uwanjani na kupanga koni ili wajifunze kuigeuza polepole. Tena uzito wa FJR umelala chini, kwenye injini. Wa kijana huyu ulikuwa juu, mgongoni.

Udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa hauna huruma. Unanata kwenye tairi mpaka unajaza nafasi ya madigadi, na papo hapo unateleza. Aliingia humo kwa gia namba moja, mwendo ambao mbuzi angempita, na hapo ndipo utamu wenyewe. Klachi hakuiachia yote wala hakuikamata yote. Aliibalansi katikati, vidole viwili vikipumua juu yake, huku mafuta ameyashika pale pale, injini ikinguruma kwa sauti moja. Mwendo hakuupunguza kwa mafuta. Aliupunguza kwa breki ya mguu, akiigusa kidogo kidogo, hivyo injini inavuta na breki inazuia, na mnyororo haupati nafasi ya kulegea na kushtua. Breki ya mkono hakuisogelea kabisa: usukani ukiwa umekatwa, ukiibana hiyo, unalala chini na gunia lako.

Mtu hudhani pikipiki inasimama kwa sababu dereva anaibeba kwa nguvu. La. Ni kama mtoto anayesimamisha fimbo kiganjani: inapoelekea kuanguka, kiganja kinaifuata. Boxer ilipolalia kushoto, usukani ulikatwa kushoto nywele moja, magurudumu yakarudi chini ya uzito. Ikalalia kulia, vivyo hivyo. Kwenye kona iliyobana aliiinamisha pikipiki, lakini kiwiliwili chake akakiacha wima, kimeegemea upande wa nje kupingana na gunia. Na macho! Dimbwi lilikuwa mbele ya tairi, hakulitazama hata mara moja. Alitazama mti ambao alitaka kuufikia. (Mimi dimbwi ndilo ningelitazama, na humo ndimo ningeingia.)

Wanagenzi wakifika hapo hushusha miguu yote miwili na kupiga kasia. Siwacheki, nimeshapiga kasia sana. Ila mguu uliotoka kwenye kikanyagio umeiacha breki, na kilo mia mbili na ushei zikishaamua kuanguka, mguu wa mtu hauzizuii, huvunjika.

Alipopotea nyuma ya migomba nilisogea kuangalia njia. Kwenye tope kulikuwa na mistari miwili ya tairi, inasukana na kuachana mpaka mlangoni kwa mwenye mahindi. Alama ya kiatu haikuwepo.